Milcah Nabalayo, Aliyefundisha Zaburi Debe Likijaa

Mama Milcah Nabalayo Khaemba, 1912–1959. Wasifu huu umesomwa na ndugu yake, Dalmas Masinde, katika makaburi ya Nakuru, Jumamosi tarehe 14 Februari 1959.

Wiki mbili kabla ya kufariki, Mama Milcah alimwita ndugu yake Dalmas karibu na kitanda, akamwambia, "Najua ni wewe utakayesoma. Usiwadanganye watu kwamba nilikuwa mpole. Walio hai wananijua na Mungu ananijua. Utaaibika peke yako."

Basi wasifu huu hautasema marehemu alikuwa mpole. Alikuwa mkarimu, alikuwa mkweli, na alimcha Mungu kuliko wengi wetu tunaokaa viti vya mbele kanisani. Mpole hakuwa.

Marehemu alizaliwa mwaka wa 1912, msimu wa kuvuna wimbi, katika vilima vilivyo chini ya Mlima Elgon, upande wa Kimilili. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Masinde na Mama Nelima. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alitanguliza miguu, na kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kuingia mahali kwa namna watu wengine wanavyoingia.

Mwaka wa 1924 alipelekwa shule ya misheni, akajifunza kusoma, kuandika na kufuma. Baada ya miaka miwili baba akamtoa. "Msichana akijua kusoma," alisema, "atamsoma na mume wake." Milcah alirudi nyumbani na kitabu kimoja tu, kijitabu cha Zaburi alichopewa na mwalimu wa kufuma, akawa anawasomea mbuzi kwa sauti huko malishoni. Siku moja baba alipita karibu mgongo ukimuuma, akasikia Zaburi ya sabini na moja, pale mzee anapomwomba Mungu asimtupe nguvu zikiisha. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mzee anayelia hivyo ni wa ukoo gani?"

"Ni mfalme, Papa."

"Mfalme naye anaumwa mgongo?"

Jumatatu iliyofuata baba mwenyewe alimsindikiza shuleni. Akabatizwa siku ya Krismasi, Jumapili tarehe 25 Desemba 1927, akaitwa Milcah.

Tarehe 18 Aprili 1931, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa kanisani na Jonah Khaemba, fundi seremala. Wote mnaomjua shemeji yetu Jonah mnajua kwamba kwake neno ni kama msumari: halitolewi bila kazi. Watu walisema Mungu alitenga maneno ya watu wawili, kwa haraka akampa mmoja. Walijaliwa watoto wanne: Nanyama, Khisa, Situma na Nasambu. Mwaka wa 1936 walihamia Mau Narok, katika shamba la ngano na pareto ambalo wafanyakazi waliliita Kwa Miwani, kwa sababu ya msimamizi wake Mzungu aliyevaa miwani minene na kubeba filimbi shingoni. Jonah alitengeneza milango na mabanda, na Milcah akachuma maua ya pareto.

Julai 1940 baridi ya Mau Narok ilimpa Khisa kichomi, akafa akiwa na miaka mitano. Aliyemwosha mtoto yule, mama yake alipokuwa hawezi hata kusimama, ni jirani yao Nyaguthii, mwanamke wa Kikuyu aliyekaa nyumba ya pili. Milcah alifunga kijitabu chake cha Zaburi, akakitia chini ya gunia la viazi, na kwa miezi mitatu hakukigusa wala hakuomba. Jonah hakumsukuma. Asubuhi moja ya Oktoba alikitoa, akakipangusa vumbi, kikafunguka penyewe kwenye Zaburi ya kumi na tatu, ile inayomuuliza Mungu mara nne, mpaka lini. Milcah aliisoma amesimama. Akamgeukia mumewe.

"Jonah, kumbe kuna mtu alishamuuliza."

"Akajibiwa?" Jonah akauliza.

"Haisemi. Lakini hakupigwa kwa kuuliza."

Hapo ndipo kazi yake ilipoanza, ingawa hakuna aliyempa cheo wala kibali. Alinunua daftari, na kila siku aliandika maneno machache juu ya zaburi moja, si kwa ajili ya mimbari bali kwa ajili ya siku inayokuja. Wanawake walipokuwa wakingoja filimbi kando ya pareto, aliwasomea. Alipofanywa nyapara wa wanawake mwaka wa 1945 hakuacha. Daftari zile ziko, tumezihesabu ni kumi na moja, na hapa tunasoma kipande kimoja kama alivyokiandika:

"Zaburi ya mia na ishirini na saba. Inasema ni bure kuamka mapema na kukawia kulala. Msimsomee Bwana Miwani hii. Lakini wewe mama uliyewasha moto kabla ya jogoo, ukafunga mtoto mgongoni, ukaja hapa ukitetemeka, jua kwamba Mungu hakuumba usingizi kwa ajili ya Wazungu peke yao. Leo ukifika nyumbani, kabla ya kutwanga, lala kidogo. Ukiulizwa, sema umetii Maandiko."

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Kila mmoja wetu hapa anajua miaka hiyo ilivyokuwa, na wapo kati yetu ambao mpaka leo wanatembea na barua za ruhusa mfukoni. Majirani Wakikuyu, wakishukiwa kuwalisha wapiganaji wa msituni, waliondolewa shamba baada ya shamba. Mwanzoni mwa Machi 1954 Milcah aliitwa ofisini. Bwana Miwani alikuwa ameketi, na karani wake Joash alikuwa amesimama na karatasi.

"Weka sahihi hapa, Mama Nanyama," Joash akamwambia kwa sauti ya chini. "Imeandikwa ulimwona Nyaguthii akipeleka unga msituni."

"Nilimwona lini?"

"Si lazima ukumbuke siku. Wewe andika jina tu."

"Wewe hapana ogopa," Bwana Miwani akasema. "Weka jina, rudi kazi. Mimi taangalia wewe muzuri."

Milcah aliisoma karatasi yote, polepole, mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akairudisha mezani.

"Bwana, Zaburi ya kumi na tano inauliza ni nani atakayekaa kwa Mungu. Inajibu kwamba ni yule asiyemsingizia jirani yake. Mimi nataka kukaa huko siku nyingi kuliko nitakazokaa kwako."

"Hapana leta zaburi hapa ofisi! Zaburi iko kazi ya Jumapili."

"Basi niandikie zile ulizokataza, nikawaambie wanawake. Ziko mia na hamsini. Nitangoja."

Joash akaangalia ncha ya kalamu yake. Bwana Miwani akaangalia dirisha. Hakuna aliyeandika, na Milcah akatoka.

Lori lilikuja hata bila sahihi yake. Ilikuwa Alhamisi tarehe 11 Machi 1954, saa tano asubuhi. Tangazo lilikuwa limetolewa kwamba yeyote atakayewasaidia wanaoondolewa naye ataondoka. Nyaguthii alisimamishwa uwanjani pamoja na watoto wake watatu na bunda moja la nguo, wakingoja askari wamalize orodha. Hawakuwa wamekula tangu jana yake. Watu wote walijifungia ndani.

Milcah alimwambia mumewe, "Nisaidie kubeba meza."

Jonah hakuuliza kwa nini. Aliiinamia meza ile, akaitikisa. "Mguu mmoja unacheza," akasema. "Ngoja." Akapiga msumari mara tatu, askari wakigeuka kutazama kelele zinakotoka, kisha wakaibeba wote wawili mpaka katikati ya uwanja, kati ya ofisi na lori. Milcah alitandika kitambaa alichofuma mwenyewe. Akaleta ugali, akaleta jogoo wa mwisho waliyekuwa naye, akaleta birika la chai na vikombe.

"Nyaguthii, kaa. Watoto, kaeni. Hakuna mtu anayesafiri na njaa kutoka kwangu."

Askari mmoja akamjia. "Mama, ondoa hii meza. Unajitafutia taabu."

"Afande, wewe ni mtu wa kanisa?"

"Ndiyo."

"Basi unaijua ya ishirini na tatu. Mungu anamwandalia mtu meza adui zake wakimwona. Nikiiandaa jikoni mtaionaje?"

Yule askari aliinamisha kichwa, akarudi kwenye lori. Bwana Miwani alitoka ofisini akapiga filimbi, akapiga tena, na Milcah akaendelea kumimina chai. Watoto walikula. Nyaguthii hakula, alikuwa akilia. Milcah akamega ugali, akautia mkononi mwake na kuukunja mkono ule.

"Kula mbele yao," akamwambia. "Utalia ukiwa kwenye lori."

Akala.

Watu wamesimulia habari ya meza ile kana kwamba marehemu siku hiyo alikuwa simba. Yeye mwenyewe alikataa. "Sikuwa na ujasiri," alisema. "Nilikuwa na hasira, na Zaburi ya nne inaruhusu hasira. Inakataza dhambi tu." Kufikia saa kumi jioni hiyo hiyo yeye na Jonah hawakuwa na kazi wala nyumba.

Mwezi wa Mei 1954 Jonah alipata kazi ya kutengeneza mabehewa ya reli hapa Nakuru, wakapewa chumba kimoja katika landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Vyumba vilikuwa arobaini na bomba lilikuwa moja. Maji yalitoka kama uzi, na ugomvi wa foleni ulisikika mpaka stesheni. Asubuhi ya tatu tu baada ya kuhamia, wawili walipokuwa wameshikana nguo kwa ajili ya nafasi, Milcah aliweka debe lake chini ya bomba, akafungua daftari.

"Wakati hili linajaa," akasema, "nitawasomea kitu. Likijaa nitanyamaza."

Akawasomea juu ya Zaburi ya mia na thelathini na tatu, jinsi ilivyo vizuri ndugu kukaa pamoja. "Aliyeandika hakukaa landhi," akawaambia, nao wakacheka. "Lakini angalieni, hasemi ni rahisi. Anasema ni vizuri. Leo wewe uliye wa kwanza mpishe mwenye mtoto mgonjwa. Hayo ndiyo mahubiri." Debe likajaa, akanyamaza, akalitwika na kuondoka.

Kwa zaidi ya miaka minne alifanya hivyo kila asubuhi ya siku za kazi, na fundisho lake halikupita urefu wa debe moja. Kwa wake za madereva wa treni alisoma ile ya mia na ishirini na moja, kwamba Bwana humlinda mtu akitoka na akiingia. "Mwombee mumeo akitoka," akaongeza. "Na akiingia amelewa, mwombee pia, lakini ficha sufuria." Kwa wasichana wenye maneno mengi alisoma ile ya mtu aliyeutia mdomo wake lijamu kama farasi, akakiri kwamba hiyo yeye mwenyewe ilimshinda.

Mwaka wa 1955 baraza la wazee lilimtuma Mzee Micah Kosgei kumwonya. Mzee Kosgei yuko hapa leo, naye ametupa ruhusa ya kusimulia. Alifika bombani amevaa koti, akamkuta Milcah katikati ya sentensi.

"Mama Milcah, sheria inakataza mikutano bila kibali. Na kanisa halijampa mwanamke ruhusa ya kufundisha."

"Mzee, hapa si mkutano. Ni foleni. Kibali cha kuchota maji tunacho."

"Lakini unafundisha."

"Nasoma na kusema ninavyoona. Mzee anaona debe limejaa?"

"Bado."

"Basi nina dakika mbili."

Mzee Kosgei alirudi barazani akasema ameshindwa. Wakamtuma tena, naye safari hii mkewe Chepkemboi akamtwika debe, akamwambia, "Ukienda bombani mikono mitupu utajiaibisha. Leta maji." Akasimama kwenye foleni pamoja na wanawake, mzee wa kanisa na debe lake, akasikiliza mpaka zamu yake ikafika. Ilisomwa ile ya thelathini na saba, ya kutojichosha moyo kwa ajili ya watenda mabaya. Hakuonya mtu siku hiyo. Alipeleka maji nyumbani, na wazee wakaacha kutuma mtu.

Msidhani marehemu hakuwa na ya kutubu. Mwaka wa 1956 Joash, yule karani, alifukuzwa na Bwana Miwani, akazunguka Nakuru bila kazi mpaka akaonyeshwa mlango wa fundi Jonah. Milcah alifungua, akamtambua.

"Joash. Unajua zaburi ya mia na tisa?"

"Sijui, mama."

"Ni ya laana. Nimekuombea hiyo mwaka mzima, kwa jina lako. Nilimwomba Mungu siku zako ziwe chache."

Joash akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Mimi niliandika ile karatasi, mama. Sina la kusema."

Milcah akaufungua mlango wote. "Naona hakunisikiliza," akasema. "Ingia ule." Joash alikaa nao wiki sita, mpaka Jonah alipomtafutia kazi kwenye bohari. Wanawake walipomuuliza, Milcah aliwajibu kwamba zaburi za laana zimo kitabuni ili mtu aitapike sumu mbele za Mungu, asije akaimwaga kwenye chakula cha mgeni.

Februari 1958 alianza kuumwa tumbo, nalo likawa linavimba. Alilazwa hospitali mara tatu. Mwezi wa Juni alipasuliwa, na daktari akamwambia Jonah kwamba uvimbe umeenea, hautolewi. Aliendelea kwenda bombani mpaka Agosti, debe akibebewa na binti yake Nasambu. Alipolala kitandani, wanawake walimletea mabishano yao chumbani.

Novemba, Nyaguthii alipata barua ya kumruhusu kuja Nakuru. Alifika akiwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, na mtoto mmoja kati ya wale watatu alikuwa amemzika. Hawakusema mengi siku ile. Nyaguthii aliomba beseni na maji moto, akavua leso yake, akamwosha rafiki yake mwili mzima, naye Milcah akakubali kuoshwa, jambo ambalo hakuwa amemkubalia hata binti yake. Tangu siku hiyo Nyaguthii hakutoka chumbani ila kwa kuchota maji.

Mwezi wa Januari mhubiri mmoja mgeni aliletwa kumwombea. Akaona tumbo lile, akamshauri atulie asome Zaburi ya hamsini na moja, atafute dhambi iliyoleta ugonjwa.

"Hiyo naisoma kila Jumamosi kwa makosa yangu," Milcah akamjibu, na pumzi zilikuwa fupi. "Makosa yangu nayajua kwa majina. Kwa tumbo hili nasoma ya themanini na nane. Unaijua inavyoisha?"

Mhubiri akaanza kupekua Biblia yake.

"Inaisha gizani. Haina haleluya. Na Mungu hakuikata, aliiacha kitabuni kwa ajili ya mtu kama mimi. Usinikataze kulia mbele ya Baba yangu. Keti nawe usome, au umpishe Nyaguthii na uji."

Mhubiri aliketi, ni vizuri tumpe sifa yake. Akaisoma yote, mpaka lile giza la mwisho.

Marehemu alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 11 Februari 1959, saa nne asubuhi. Jonah alikuwa ameshika mkono wake wa kulia na Nyaguthii wa kushoto. Neno lake la mwisho halikuwa andiko. Alimuuliza Nasambu kama foleni imesogea.

Linabaki neno moja, nalo aliagiza lisemwe wazi. Wazee wa ukoo wetu, yeye akiwa bado hai, waliomba mwili urudishwe Kimilili, na wamekasirika. Wana haki ya kuuliza. Upande mwingine watu wa ofisi waliuliza kwa nini mke wa fundi wa reli, mtu asiye na kwao hapa, azikwe hapa. Katika nyanda hizi, zilizotengewa Wazungu, hakuna mtu wetu anayeruhusiwa kumiliki hata upana wa jembe. Milcah alivunja mgongo kwenye udongo huu miaka kumi na minane, akamzika mwanawe ndani yake, akafukuzwa juu yake mchana kweupe. Dalmas alipomletea hoja za pande zote mbili, alimwomba amfungulie daftari ya mwisho. Humo ameandika: "Zaburi ya ishirini na nne. Dunia ni ya Bwana. Haisemi isipokuwa Mau Narok. Haisemi isipokuwa Nakuru. Nizikeni hapa hapa nilipofia."

Ameacha mume, Jonah Khaemba, watoto, Nanyama, Situma na Nasambu, wajukuu wanne, ndugu zake Dalmas na wengine watatu, rafiki yake Nyaguthii, ambaye familia imeamua jina lake liandikwe hapa pamoja na ndugu, na asiondolewe, na wanawake wa vyumba arobaini, ambao leo asubuhi walisoma wenyewe bombani kabla ya kuja.

Alale salama dada yetu katika amani ya Mungu wake. Na asiyependa mahali alipolala, akamuulize Mwenye udongo.